Salvia za California: Vichaka vya Asili Vyarudi Bustanini

Mwezi wa Agosti vilima vya pwani ya kusini ya California, nchini Marekani, huonekana kana kwamba vimekufa. Mvua ya mwisho ilinyesha miezi minne au mitano iliyopita. Nyasi za porini zimekauka zikawa na rangi ya dhahabu, na vichaka vya kijivu vimepukutisha sehemu ya majani yao. Lakini katika miji iliyo chini ya vilima hivyo, kwa muda wa karibu karne nzima, mabomba yamekuwa yakinyunyizia maji uwanja wa nyasi za kijani mbele ya kila nyumba. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wakazi wa huko wamelazimika kujiuliza: kwa nini bustani iliyo bondeni isiishi kwa maji yale yale yanayokitosha kichaka kilicho mlimani?

Ni rahisi kuliuliza swali hilo kuliko kulijibu. Jibu lake linahusu majira ya mvua, umbo la jani, kemia ya harufu, tabia za panya na nyuki, na historia ya ugavi wa maji. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa kufuata kundi moja la vichaka vya asili, yaani salvia, ambavyo sasa wenye nyumba wengi wa California huvipanda mahali pa nyasi.

Ukoo wa Rehani

Salvia ni jenasi ya mimea katika familia ya Lamiaceae, ambayo vitabu vya zamani huiita Labiatae. Watu wa Afrika Mashariki wanaifahamu familia hii kwa pua kabla ya kuifahamu kwa macho: rehani, nanaa na kivumbasi zote zimo ndani yake. Dalili zake ni shina lenye pembe nne, majani yanayoota mawili mawili yakikabiliana, na ua lenye midomo miwili, wa juu na wa chini. Mwanafunzi akikata shina changa la kivumbasi na kulipitisha kati ya vidole vyake ataihisi pembe nne mara moja.

Duniani kuna karibu spishi 1000 za salvia. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina za kwao, kwa mfano Salvia nilotica. California ina zaidi ya spishi 15 za asili, na chache kati ya hizo zimekuwa mashuhuri bustanini. Salvia apiana ina majani meupe kama yaliyopakwa unga. Salvia mellifera ni ya kijani iliyokoza, na maua yake ni meupe au ya samawati hafifu. Salvia leucophylla ina majani ya kijivu na maua ya zambarau nyepesi. Salvia clevelandii hupendwa kwa maua yake ya samawati na manukato yake makali. Salvia spathacea huota kivulini, chini ya miti, na maua yake mekundu ya zambarau hutembelewa na wale ndege wadogo wa Bara la Amerika wanaopiga mbawa upesi hata wakaning'inia hewani mbele ya ua.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kama vile Wachumash, Watongva na Wakahuilla, waliijua mimea hii karne nyingi kabla ya kufika Wazungu. Walikusanya mbegu za salvia ndogo ya msimu, Salvia columbariae, wakazikaanga na kuzisaga kuwa chakula. Na majani ya Salvia apiana yana nafasi katika dawa na ibada zao hata leo.

Mvua ya Baridi, Kiangazi cha Joto

Ili kuielewa salvia ya California hapana budi kwanza kuyaelewa majira ya huko. Mji wa Los Angeles hupata wastani wa milimita 350 hadi 400 za mvua kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo kuliko cha Dodoma, na karibu mvua yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Hiyo ndiyo miezi ya baridi. Miezi ya joto kali haina mvua kabisa, au hupata manyunyu tu.

Jambo hili ni kinyume cha yale tuliyoyazoea katika nyanda kavu za Tanzania ya kati. Dodoma nayo ina kiangazi kirefu, lakini mvua yake huja katika miezi yenye joto, ambapo mmea unaweza kuyatumia maji mara moja ukakua kwa kasi. Huko California mmea hupewa maji wakati wa baridi, na joto linapofika, maji yamekwisha. Majira ya namna hii hupatikana katika sehemu tano tu za dunia: nchi zinazoizunguka bahari ya Mediteranea, California, Chile ya kati, ncha ya kusini-magharibi ya Afrika Kusini, na sehemu za kusini na kusini-magharibi za Australia. Katika kila moja ya sehemu hizo vimetokea vichaka vya aina moja kwa sura, vigumu, vyenye majani madogo na mara nyingi vyenye harufu, ingawa kwa ukoo ni mimea tofauti. Mazingira yanayofanana yametoa majibu yanayofanana.

Jani Linalofuata Majira

Mmea una njia nyingi za kuvumilia ukame, na salvia hutumia kadhaa kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni kubadili majani. Mwishoni mwa mvua, Salvia mellifera na Salvia leucophylla hupukutisha yale majani makubwa yaliyoota wakati wa unyevu. Katika makwapa ya majani hayo hubaki vichipukizi vifupi vyenye majani madogo, na hayo ndiyo yanayoishi mpaka mvua nyingine. Eneo la jani likipungua, maji yanayopotea hewani nayo hupungua. Mtu asiyejua huona kichaka kinapukutika akadhani kinakufa, akakimwagilia maji. Na kama tutakavyoona, maji hayo yaweza kukidhuru.

Njia ya pili ni vinyweleo. Weupe wa Salvia apiana hautokani na rangi ya jani lenyewe. Chini ya vinyweleo jani ni kijani kama jani jingine lolote. Vinyweleo hivyo hurudisha sehemu ya nuru ya jua, na hivyo jani halipati joto kupita kiasi.

Njia ya tatu ni mafuta. Juu ya jani mna vitezi vidogo vilivyojaa mafuta yanayovukizwa upesi. Kemikali zake huitwa tepeni, nazo hujengwa kwa vipande vyenye atomi tano za kaboni kila kimoja. Mbili zinazojulikana sana katika salvia za California ni kafuri, C10H16O, na sineoli, C10H18O. Zote mbili si ngeni kwetu. Sineoli ndiyo inayotoa harufu ya mkaratusi. Kafuri hupatikana kwa wingi katika majani ya Ocimum kilimandscharicum, mmea wa asili wa Afrika Mashariki ulio wa ukoo mmoja na rehani. Mafuta haya humfanya mnyama asipende kuyala majani. Na yalipata kuzusha mjadala mkubwa wa kisayansi ambao unastahili kuelezwa kwa urefu.

Ukanda Mtupu

Mahali ambapo vichaka vya salvia hupakana na mbuga, mara nyingi huonekana ukanda wa udongo mtupu, wenye upana wa mita moja au mbili, unaovizunguka vichaka kama ua uliofagiliwa. Baada ya ukanda huo nyasi huwa fupi na dhaifu, na kisha mbuga ya kawaida huanza. Ni kitu gani kinachoufagia ukanda huo?

Mwaka 1964 Cornelius H. Muller wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wenzake, walichapisha jibu katika jarida la Science. Walionyesha kwamba mvuke unaotoka katika majani ya salvia unaweza kuzuia mizizi ya miche michanga, kama ile ya matango, isirefuke, hata kama majani hayo hayaigusi miche. Kwa hiyo, walisema, kichaka kinajilinda kwa kemikali: tepeni huruka hewani, huingia katika udongo, na kuiua miche ya nyasi kabla haijashika mizizi. Maelezo hayo yalipendeza sana, yakaingia katika vitabu vingi vya shule na vya vyuo.

Miaka sita baadaye, yaani 1970, Bruce Bartholomew alichapisha katika jarida lile lile jaribio la namna nyingine. Yeye hakupeleka majani maabara. Alijenga vizimba vya waya juu ya ukanda mtupu wenyewe, ili wanyama wadogo wasiweze kuingia. Kama sababu ni mvuke, alifikiri, kizimba hakitabadili neno, kwani mvuke hupita katika waya. Kama sababu ni meno, nyasi zitaota. Nyasi ziliota. Panya, sungura na ndege hujificha vichakani wakiogopa mwewe na mbweha. Hutoka hatua chache tu kula mbegu na miche, kisha hukimbilia mafichoni tena. Upana wa ukanda mtupu ni kipimo cha woga wao.

Muller na wafuasi wake hawakukubali kwamba jambo limekwisha, na wataalamu wameendelea kulichunguza. Wengi leo huona kwamba wanyama wana sehemu kubwa katika kuufanya ukanda huo, na kwamba kemikali huenda zikasaidia mahali fulani, katika udongo fulani. Lakini kwa mwalimu wa sayansi, faida ya kisa hiki ni kubwa kuliko jibu lake. Jaribio la Muller lilithibitisha kwamba mvuke wa salvia unaweza kudhuru miche. Halikuthibitisha kwamba hilo ndilo linalotokea mlimani. Kati ya "inaweza" na "ndivyo ilivyo" pana hatua ambayo haivukwi ila kwa jaribio la pili.

Tena yafaa kuangalia kwamba ushahidi mmoja waweza kukubaliana na maelezo mawili. Moto unapoviteketeza vichaka, maua ya msimu huchipua kwa wingi katika majira ya mvua yanayofuata. Mtetezi wa kemikali atasema: moto umeondoa mafuta. Mtetezi wa panya atasema: moto umeondoa maficho. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo, na kwa sababu hiyo hiyo ushahidi huo hauwezi kuwaamua.

Nyuki na Mlango wa Ua

Ua la salvia lina stameni mbili zilizoundwa kama wenzo. Nyuki anapoingiza kichwa kutafuta nekta husukuma mkono mmoja wa wenzo, na ule mkono wa pili hushuka na kumpaka chavua mwilini. Nyuki anapofika ua jingine, chavua hiyo huguswa na sehemu ya kike.

Salvia apiana na Salvia mellifera huota kilima kimoja, na zinaweza kuzaana zikatoa chotara wenye rutuba. Mbona basi hazikuchanganyika zikawa mmea mmoja? Mwaka 1964 Karen na Verne Grant walieleza kwamba maua yake yamejengwa kwa wageni tofauti. Mlango wa Salvia apiana hufunguliwa vizuri na nyuki wakubwa, wakiwamo wale weusi watobozao mbao, ambao jamaa zao hutoboa mapaa ya nyumba zetu huku pwani. Ule wa Salvia mellifera huwafaa nyuki wadogo zaidi. Aidha Salvia mellifera hutangulia kuchanua, na mwenziwe hufuata baadaye.

Chotara huonekana zaidi mahali ambapo ardhi imevurugwa na binadamu, na bustani ni mahali pa namna hiyo. Ndiyo sababu wataalamu huwashauri watu wanaoishi karibu na pori kupanda mimea iliyotokana na mbegu za pori hilo hilo, wasije wakaingiza mchanganyiko ambao haukuwapo.

Maji Yatokayo Mbali

Kupenda mimea ya asili si jambo jipya California, ila kwa muda mrefu lilikuwa la wachache. Theodore Payne, mtunza bustani aliyezaliwa Uingereza mwaka 1872, alifika huko mwaka 1893. Aliona mashamba na miji ikiifuta mimea ya porini kwa kasi, ilhali watu wa Ulaya walikuwa tayari wakiithamini katika bustani zao. Mwaka 1903 alifungua duka la mbegu na kitalu mjini Los Angeles, na mpaka alipofariki mwaka 1963 alikuwa amewawezesha watu kupata mbegu na miche ya mamia ya spishi za asili. Bustani ya mimea ya Santa Barbara ilianzishwa mwaka 1926, na ile ya Rancho Santa Ana mwaka 1927, zote zikijishughulisha na mimea ya California.

Umma kwa jumla ulifuata njia nyingine, na kilichouwezesha ni maji ya mbali. Mwaka 1913 ulimalizika mfereji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 370 unaoleta maji Los Angeles kutoka bonde la Owens. Ziwa la Owens, lililokuwa likilishwa na mto wa bonde hilo, lilikauka katika miaka ya 1920, na vumbi lake likawa balaa kwa wakazi wa huko. Baadaye yaliletwa pia maji ya mto Colorado. Maji yakawa rahisi mjini, na uwanja wa nyasi ukawa alama ya nyumba yenye heshima. Kwa kawaida karibu nusu ya maji yanayotumiwa majumbani katika miji ya California huishia nje ya nyumba, hasa katika kumwagilia.

Ukame wa miaka ya 2012 hadi 2016 uliyabadilisha mambo. Tarehe 1 Aprili 2015 Gavana Jerry Brown aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25, na akataka nyasi za eneo la futi za mraba milioni 50, yaani karibu hekta 460, zing'olewe na kupandwa mimea isiyohitaji maji mengi. Mamlaka za maji zikawalipa watu kwa kila kipande cha nyasi walichokiondoa.

Jambo hilo halikufanywa kwa kubahatisha. Katika mji wa Santa Monica, tangu mwaka 2004, bustani mbili zilizokaa bega kwa bega ziliwekwa zilinganishwe: moja ya nyasi na mimea ya kigeni kwa desturi ya zamani, nyingine ya mimea ya asili. Ile ya mimea ya asili ilitumia chini ya robo ya maji yaliyotumiwa na mwenziwe, na kazi ya kuitunza ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Faida haikuwa ya maji peke yake. Vichaka vya salvia vya pwani vimepoteza zaidi ya theluthi mbili ya eneo lake la asili kwa makadirio mengi, kwa kuwa ardhi hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kwa nyumba na barabara. Ndege mdogo wa kijivu anayeishi humo, Polioptila californica, aliingizwa mwaka 1993 katika orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Bustani haiwezi kuwa pori; lakini bustani elfu moja zilizopakana zaweza kuwa njia ya kupitia nyuki, vipepeo na ndege kutoka kipande kimoja cha pori hadi kingine.

Namna ya Kupanda

Mwenye bustani wa California anayetaka kupanda salvia huanza kazi katika miezi ya Oktoba hadi Desemba, mvua zinapokaribia. Mche uliopandwa wakati huo hutumia miezi ya baridi kushusha mizizi, na kiangazi kinapofika huwa umekwisha kujishika. Mche uliopandwa Mei huingia katika joto ukiwa na mizizi ya mkebeni tu.

Udongo hauhitaji kurutubishwa, bali huhitaji kupitisha maji. Mtu huchimba shimo, hulijaza maji, na kuangalia. Maji yakituama kwa saa nyingi, afadhali apande juu ya tuta. Mbolea haihitajiki, salvia iliyoshibishwa hurefuka upesi, hulegea na kuanguka, na umri wake hufupika.

Kosa linaloua miche mingi ni wema uliozidi. Mmea wa asili huhitaji kumwagiliwa katika kiangazi chake cha kwanza, na pengine cha pili: maji mengi kwa mara moja, kisha udongo uachwe ukauke. Lakini mmea uliokomaa ukipewa maji kila siku wakati wa joto hufa. Udongo ulio moto na majimaji ndio makao mazuri ya Phytophthora, kiumbe kifananacho na kuvu kinachoozesha mizizi. Mizizi ikioza, majani hunyauka kwa kukosa maji ingawa udongo umelowa. Na mwenye bustani, akiona majani yamenyauka, huongeza maji. Hapo huwa anakizika kichaka kwa mkono wake mwenyewe.

Kupogoa hufanywa baada ya maua kwisha. Hukatwa karibu theluthi moja ya matawi mapya, na mti mkavu wa zamani hauguswi, maana sehemu hiyo huchipua kwa shida. Matandazo ya vipande vya mti huhifadhi unyevu, lakini yawekwe mbali kidogo na shina. Kupata miche mipya ni rahisi: kipandikizi cha tawi lisilo changa sana wala gumu sana hutoa mizizi katika mchanga wenye unyevu.

Vichaka vingine vya asili huandamana na salvia, na kila kimoja kina tabia yake. Mbegu za Ceanothus zina ganda gumu ambalo porini hupasuliwa na joto la moto. Mwenye kitalu humwagia mbegu hizo maji ya moto, akaziacha zipoe humo. Katika mizizi ya Ceanothus mna vinundu vyenye bakteria wa Frankia, wanaoishika naitrojeni ya hewa. Bakteria wa jenasi hiyo hiyo huishi katika mizizi ya mivinje ya mwambao wetu, ndiyo maana mvinje huweza kustawi katika mchanga mtupu.

Moto na Wizi

Pana mambo mawili ya kutahadhari. La kwanza ni moto. Kichaka chenye mafuta huwaka, hasa kikiwa kikavu na chenye matawi mengi yaliyokufa. Sheria ya California huwataka wenye nyumba katika sehemu za hatari kusafisha na kupunguza mimea hadi mita 30 kutoka nyumba, na moto ulioteketeza maelfu ya majengo mjini Los Angeles na kandokando yake Januari 2025 uliwakumbusha watu sababu yake. Kwa hiyo salvia hupandwa kwa nafasi, mbali na kuta na madirisha, na matawi makavu huondolewa kila mwaka.

La pili ni wizi. Salvia apiana imekuwa bidhaa: majani yake hufungwa vitita na kuuzwa kwa watu wa mbali wanaotaka kuyafukiza nyumbani. Sehemu ya majani hayo hukatwa kwa magendo katika hifadhi, jambo linalowaumiza wenyeji wa asili ambao kwao mmea huo ni mtakatifu. Kichaka kimoja kilichopandwa bustanini humpa mwenyewe majani ya kutosha bila kuliibia pori.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Msomaji asije akafikiri kwamba makala haya yanamshauri kuagiza salvia za California. Mmea uliozoea mvua ya baridi na kiangazi cha moto, ukiletwa Dar es Salaam, utapata joto na mvua kwa pamoja, na hayo ndiyo yanayouozesha. Kinachosafiri ni kanuni, si mche. Na kanuni yenyewe ni kwamba bustani ianze kwa kuuliza: mahali hapa hupata mvua lini, udongo wake ni wa namna gani, na ni mimea gani iliyokwisha kujifunza kuishi nao?

Historia yetu ina maonyo ya kutosha. Lantana camara ililetwa kutoka Amerika kwa uzuri wa maua yake, nayo leo imefunika malisho na kingo za misitu. Tena neno "asili" lisichukuliwe kuwa mipaka ya nchi. Mti wa Maesopsis eminii ni wa asili katika misitu ya magharibi, karibu na Ziwa Viktoria. Ulipopandwa katika milima ya Usambara ya Mashariki ulienea ndani ya msitu wa Amani kama mgeni yeyote. Asili ya mmea ni mahali, udongo na majirani zake, wala si bendera.

Shule yoyote yaweza kulifanya jaribio la Muller na la Bartholomew kwa gharama ndogo. Wanafunzi wachukue mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko. Katika kila mmoja waweke karatasi yenye unyevu na mbegu 20 za tango au ulezi. Katika mtungi wa kwanza waning'inize mfuko wa kitambaa wenye majani ya kivumbasi yaliyopondwa, usiziguse mbegu. Katika wa pili waning'inize mfuko wenye majani yaliyopondwa ya mmea usio na harufu, uzito ule ule. Baada ya siku tano wapime urefu wa kila mzizi na kulinganisha wastani. Kisha watoke nje. Wakiona mahali karibu na vichaka ambapo nyasi haziloti, wafunike sehemu moja kwa kizimba cha waya, na sehemu ya jirani waiache wazi kwa majira yote ya mvua. Kila juma waandike kinachoota ndani na kinachoota nje.

Huenda mitungi ikaonyesha kwamba kivumbasi kinazuia mizizi, na kizimba kikaonyesha kwamba huko nje kinachofagia ni mbuzi wa jirani. Matokeo hayo mawili hayapingani. Yakitokea, mwalimu na awaulize wanafunzi wake ni lipi kati ya majaribio hayo lililojibu swali walilouliza, na lipi lililojibu swali jingine.